Kuchunguza nzi kwa hadubini: kutafuta mayai ya minyoo na sisti za amiba, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. Nikamate nzi wangapi? Naweza kuwaua kwa dawa ya kupulizia? Nimeona kitu cha mviringo chenye rangi ya kahawia, je, ni yai la mchango, yule mnyoo mrefu wa tumboni? Wengi wanaouliza ni wanafunzi waliopewa mradi. Wengine ni wahudumu wa afya wanaotaka watu waone kwa macho yale wanayowaambia kila siku kwa mdomo, kwamba nzi anayetua kwenye sahani alikuwa chooni muda si mrefu na hakutoka huko mtupu. Mwongozo huu ni kwa ajili yenu mnaoanza.

Nadharia utakayohitaji ni kidogo. Sisti ni kimelea, kama amiba, kilichojifunga ndani ya ganda ili kivumilie nje ya mwili. Nzi wa nyumbani hatafuni. Mdomo wake ni kama sifongo: akikuta chakula kigumu hukitapikia kwanza, kikilainika ndipo hukifyonza. Anapokula hapo hapo huacha na kinyesi. Kwa hiyo vimelea alivyookota kwenye kinyesi cha mtu vina njia tatu za kufika kwenye chakula: vimenata kwenye miguu na manyoya yake, vinarudi pamoja na matapishi, au vinatoka na kinyesi chake. Ndani ya nzi vimelea hivi havizaliani. Yeye ni mchukuzi tu.

Hapo ndipo linapotoka jambo ambalo nakuomba ulishike kuliko yote: nje ya nzi ni sampuli moja, na ndani yake ni sampuli nyingine. Kazi nyingi nilizosoma ziliharibika kwa sababu mwandishi alimponda nzi mzima bila kumwosha, akaona mayai, kisha akaandika kuwa nzi "amemeza" mayai. Hakuna aliyejua kama yalitoka tumboni au kwenye nyayo.

Vya kuandaa

- Hadubini yenye lenzi ya 10 na ya 40. Ya 100 ya mafuta utaihitaji ukitaka kutafuta Cryptosporidium, kimelea kidogo sana kinacholeta kuhara.
- Rula ya hadubini, ile inayokaa ndani ya lenzi ya jicho. Wengi huiona ya ziada. Mimi naiona ya lazima, na utajua kwa nini mbele.
- Neli safi zenye vifuniko, moja kwa kila nzi, na nyingine kadhaa za akiba.
- Maji ya chumvi ya 0.85%, yaani gramu 8.5 za chumvi kwenye lita 1 ya maji yaliyochujwa vizuri au yaliyokenekwa. Tone moja la sabuni ya maji lisikosekane.
- Alkoholi ya 70%.
- Aiodini ya Lugol, rangi ya kupaka sisti.
- Slaidi, vioo vya kufunikia, pipeti, sindano mbili nyembamba na kibanio chenye ncha kali.
- Sentrifuji, mashine ya kuzungusha neli ili vizito vishuke chini. Kama huna, neli zenye kitako kilichochongoka na subira ya usiku mmoja.
- Glavu, barakoa, penseli, daftari na sufuria ya kuchemshia takataka za kazi.

Kuhusu usalama: mayai ya tegu (mnyoo bapa) wa nguruwe, sisti za amiba na za Giardia (kimelea kingine cha kuhara), na Cryptosporidium vinaweza kukuambukiza siku ile ile vinapotoka kwa mgonjwa. Usile wala kunywa kwenye meza ya kazi, usiguse uso ukiwa na glavu, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza. Usitegemee dawa ya klorini kusafisha vifaa. Kwa kiwango tunachotumia kufutia meza, yai la mchango halifi, na Cryptosporidium ndiyo kabisa. Kinachoviua ni joto, ndiyo maana nimeitaja sufuria.

Hatua 1: Chagua mahali, kisha andika

Usikamate nzi popote unapowakuta ukawachanganya. Chagua sehemu mbili au tatu zinazoweza kulinganishwa: mlango wa choo cha shimo, jalala, jikoni. Andika tarehe, saa, hali ya hewa, na kilichopo karibu. Je, kuna nguruwe? Kuna mbwa? Kuna kinyesi cha watoto nje? Maelezo hayo yanaonekana madogo sasa, lakini bila hayo hutaweza kutafsiri unachokiona kwenye slaidi. Kwa anayeanza, nzi 30 wa kila sehemu wanatosha kujifunzia. Akianza na 300 atachoka, ataanza kusoma slaidi juu juu.

Hatua 2: Nzi mmoja, neli moja

Mfunike nzi moja kwa moja kwa neli akiwa ametua, kisha telezesha kifuniko chini yake. Inachosha, najua. Wavu wa kufagia hewani ni wa haraka zaidi, lakini nzi wa kwanza akiuchafua, wote wanaofuata watajipaka kutoka kwake. Vivyo hivyo kuwajaza nzi ishirini kwenye chupa moja: wanatapikiana na kunyeana, na ukifika mezani kila mmoja amebeba mzigo wa mwenzake.

Ukilazimika kutumia mtego wa chambo, chambo kikae nyuma ya chandarua nzi asikifikie. Karatasi ya gundi usiiguse kabisa kwa kazi hii. Yai likishika kwenye gundi halitoki.

Andika lebo kwa penseli. Alkoholi itamwagika wakati fulani, na wino wa kalamu utayeyuka mbele ya macho yako ukabaki na neli thelathini zisizo na majina.

Hatua 3: Mwache kwanza anye na atapike (si lazima, lakini naipenda)

Kabla ya kumuua, mwache nzi hai ndani ya neli saa mbili au tatu. Shika neli kwenye mwanga uitazame kwa karibu. Utaona vitone vidogo kwenye kioo: vingine vina rangi ya manjano hafifu na vinang'aa, hivyo ni matapishi, vingine ni vya kahawia iliyokolea au vyeusi na vimekauka kingo, hicho ni kinyesi. Hivyo ndivyo angeviacha kwenye chakula cha mtu. Mhamishie nzi kwenye neli nyingine safi, tia matone machache ya maji ya chumvi kwenye ile ya kwanza, sugua kuta kwa ncha ya pipeti na utazame tone hilo kwa hadubini.

Ukikuta sisti humo, una ushahidi mzito kuliko wa kumpasua nzi, kwa sababu umeona alichokitoa mwenyewe.

Hatua 4: Muue kwa baridi

Weka neli kwenye friza nusu saa. Akitolewa mapema huamka dakika chache tu baada ya kupata joto. Dawa ya kupulizia haifai: nzi anayekufa kwa sumu hutapatapa na kutapika, na vilivyokuwa ndani vinahamia nje.

Hatua 5: Mtambue

Nzi wa nyumbani, *Musca domestica*, ni wa kijivu, ana urefu wa milimita 6 hadi 8 na mistari minne myeusi mgongoni nyuma ya kichwa. Mwenye mistari mitatu, mkubwa, na tumbo la madoadoa kama ubao wa drafti ni nzi wa nyama. Wale wa kijani au buluu wanaong'aa kama chuma ni jamii ya *Chrysomya* na *Lucilia*, na baadhi ya *Chrysomya* huzaliana kwa wingi kwenye vyoo vya shimo. Huhitaji zaidi ya hapo kwa sasa. Kama hujui, andika "kijani anayeng'aa" na umhifadhi mmoja kwenye alkoholi ili mtaalamu amtazame.

Hatua 6: Osha nje

Tia mililita 2 za maji ya chumvi ndani ya neli ya nzi, pamoja na tone la sabuni. Sabuni ina kazi yake. Bila hiyo, utaona nzi anaelea na hewa imemzunguka kama vazi la fedha, manyoya yake yamekataa maji, na ukitikisa utaosha hewa tu. Sabuni ikiingia, vazi lile linapasuka na nzi anazama. Akizama ndipo uanze kutikisa, dakika tatu kwa nguvu ya wastani. Ukizidisha, tumbo linaweza kupasuka, na vya ndani vikamwagikia vya nje.

Mtoe kwa kibanio, mweke kwenye neli nyingine. Maji yaliyobaki ndiyo sampuli yako ya NJE. Yaandike hivyo sasa hivi, kabla hujagusa kitu kingine.

Hatua 7: Kusanya mashapo

Zungusha neli kwenye sentrifuji kwa mizunguko 2000 kwa dakika, dakika 5. Mwaga maji ya juu taratibu, ukibakiza matone mawili matatu chini; hayo ndiyo mashapo. Kama huna sentrifuji, simamisha neli kwenye jokofu hadi asubuhi. Mayai makubwa huzama upesi, ila sisti ni ndogo mno na huchukua muda, kwa hiyo usiharakishe.

Hatua 8: Msafishe kabla ya kumpasua

Nzi yule uliyemtoa mwoshe tena mara mbili kwa maji ya chumvi yenye sabuni, mchovye kwenye alkoholi dakika moja, kisha msuuze kwenye maji ya chumvi matupu. Alkoholi inasaidia, lakini isikudanganye: haiondoi kila yai. Kwa hiyo maji ya suuzo la mwisho usiyamwage. Yazungushe na uyatazame. Yakiwa hayana kitu, ulichokikuta ndani kimetoka ndani kweli. Yakiwa na mayai, nzi huyo hafai kwa sampuli ya ndani, mwondoe kwenye hesabu.

Nilikuwa naruka hatua hii. Siku nilipoanza kuyatazama maji yale, nililazimika kufuta matokeo ya nzi kadhaa niliokuwa nimeshawaandika kuwa wamemeza mayai.

Hatua 9: Toa utumbo

Mlaze nzi chali kwenye tone la maji ya chumvi juu ya slaidi. Kata mabawa na miguu. Kwa sindano moja mshikilie kifua, kwa nyingine bana ncha ya mwisho ya tumbo uvute polepole. Utumbo utatoka kama uzi uliojikunja. Upande wa mbele wa tumbo kuna kifuko chembamba, angavu, chenye sehemu mbili kama moyo uliobonyezwa, kinachoning'inia kwenye mrija mwembamba sana. Hicho ndicho kifuko cha akiba, anapohifadhi chakula kabla ya kukirudisha mdomoni. Kama nzi alikuwa ameshiba, kitakuwa kimejaa kama puto na kitapasuka ukikigusa tu, kwa hiyo kihamishie kwanza kwenye slaidi yake. Utumbo uliobaki uwekee slaidi nyingine, uchane kwa sindano, na ufunike kwa kioo.

Mikono ikitetemeka mwanzoni, jifunzie kwa nzi watano sita usiowahesabu. Au tumia njia nyepesi: mponde nzi aliyeoshwa kwenye mililita 2 za maji ya chumvi, chuja kwa shashi, zungusha, na usome mashapo. Utapoteza habari ya kifuko na utumbo kila kimoja, lakini bado utajua ya ndani.

Hatua 10: Soma slaidi yote

Slaidi mbili kwa kila mashapo: moja ya maji ya chumvi, moja ya Lugol. Anza na lenzi ya 10 kutafuta mayai, ukitembea toka kona moja ya kioo hadi nyingine kwa mistari, kama anayelima matuta, bila kuruka. Kisha lenzi ya 40 kwa sisti. Aiodini huzipaka manjano na viini vyake vinajitokeza. Punguza mwanga wa hadubini. Mwanga mkali hufuta kabisa kitu chenye ganda la uwazi.

Kila siku ya kazi tengeneza pia slaidi moja ya maji ya chumvi ambayo hayajawahi kugusa nzi. Ukikuta kitu humo, kimetoka kwenye maji au vifaa vyako.

Unachotafuta, kwa vipimo vya maikromita (maikromita 1 ni sehemu ya elfu ya milimita)

- Mchango (*Ascaris*): maikromita 45–75 kwa 35–50, kahawia, ganda nene lenye vinundu pembeni.
- Minyoo mijeledi (*Trichuris*): 50–55 kwa 20–25, umbo la pipa lenye kizibo kila ncha. Ndiyo rahisi kuliko yote kutambua.
- Minyoo ya safura: 60–75 kwa 35–40, ganda jembamba la uwazi, seli chache ndani.
- Tegu (*Taenia*): duara la 31–43, ganda nene lenye mistari kama miale, vikulabu sita ndani.
- Amiba (*Entamoeba histolytica*): duara la 10–20, viini visivyozidi vinne. Ukihesabu viini vinane, huyo ni *Entamoeba coli*, hana madhara.
- Giardia: 8–12, umbo la yai, viini viwili hadi vinne.
- Cryptosporidium: 4–6 tu. Bila rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa usithubutu kuitaja.

Sasa unaona kazi ya rula. Bila kipimo, chavua ya ua inakuwa yai la mchango, hamira inakuwa Cryptosporidium, na yai la utitiri aliyekuwa amempanda nzi linakuwa safura kubwa ajabu. Sawazisha rula yako kwa kila lenzi kabla ya kuanza. Mstari mmoja kwenye lenzi ya 10 hauna urefu sawa na kwenye ya 40.

Matatizo yanayowapata wengi

*Sioni chochote kwa nzi wote.* Inawezekana ni kweli. Lakini kagua kwanza: ulitia sabuni? Mwanga uliupunguza? Ulimwaga mashapo pamoja na maji ya juu? Jipime kwa kinyesi chenye mayai yanayojulikana, kilichohifadhiwa na maabara. Kama huko pia huoni, tatizo ni macho au hadubini.

*Kuna vijidudu vinavyokimbia kwa kasi kwenye utumbo wa nzi.* Hii inawasisimua wengi wakadhani ni Giardia hai. Mara nyingi ni *Herpetomonas*, kimelea cha nzi mwenyewe, chembamba na chenye mkia mmoja. Hakimhusu binadamu.

*Nimekuta vitu vyeupe vya umbo la ndizi, naviona hata bila hadubini.* Hayo ni mayai ya nzi, kama milimita 1 kila moja. Nzi wako ni jike.

*Duara zenye kingo nyeusi nene, hazina kitu ndani.* Viputo vya hewa. Gusa kioo kidogo. Kiputo hubadilika umbo, yai halibadiliki.

*Niliyaelesha mayai kwa maji ya chumvi iliyokolea ili yapande juu, sisti zote zimesinyaa.* Chumvi hiyo inaelesha mayai ya mchango vizuri lakini inakunja sisti za Giardia. Kwa sisti tumia maji ya salfati ya zinki yenye uzito mara 1.18 ya maji matupu, usome upesi. Kwa nzi mmoja, ambaye mashapo yake ni kidogo, hakuna haja ya kuelesha.

*Niliwaosha nzi kumi kumi pamoja. Mafungu 6 kati ya 10 yana mayai. Je, asilimia 60 ya nzi wamebeba?* Hapana. Unachojua ni kwamba angalau nzi 6 kati ya 100 walibeba. Andika idadi ya mafungu, usiigeuze kuwa ya nzi.

Unapoandika ripoti

Andika "nzi amebeba", usiandike "nzi ameambukiza". Yai la mchango lililotoka kwa mtu leo haliwezi kumwambukiza mtu leo. Linahitaji majuma mawili hadi manne kwenye udongo wenye joto na unyevu. Safura nayo huingia hasa kwa ngozi ikiwa lava, yaani mnyoo mchanga, si kwa sahani. Mayai hayo kwenye nzi yanakuambia kuwa kuna kinyesi kisichofunikwa karibu, na hilo pekee ni jambo kubwa. Ila sisti za amiba na Giardia ziko tayari tangu zinapotoka. Nikikuta sisti mbili kwenye kifuko cha akiba cha nzi wa jikoni, zinanitia wasiwasi kuliko mayai kumi ya mchango miguuni mwa nzi wa chooni.

Kuwa mwangalifu pia na neno "vya binadamu". Yai la mchango wa nguruwe huwezi kulitofautisha na la mtu kwa hadubini. Yai la tegu la mtu na lile la *Echinococcus* wa mbwa vinafanana. Amiba ya hatari na *Entamoeba dispar* isiyo na hatari zina sisti zile zile. Rudi kwenye daftari lako la Hatua 1 uone kama kulikuwa na nguruwe au mbwa, na useme hivyo wazi.

Mwisho wa kazi, nzi, mashapo, maji ya kuoshea na shashi vyote viende kwenye sufuria, vichemke kwa dakika kumi, ndipo umwage chooni. Slaidi na sindano nazo zichemshwe kabla ya kuoshwa. Na sufuria hiyo isirudi jikoni.